King'amuzi cha Mama Hakijibu

Hohenlaingen, 20 Mei

Mdogo wangu Eckart,

Salamu kutoka milimani. Huku Mei ni jina tu, asubuhi bado nakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Goti langu liko vilevile, paka hajambo. Bibi Häberle, yule jirani wa Mama wa ghorofa ya chini, anakusalimu na kuuliza kama ulifika salama, maana hakuna aliyekuona ukiondoka.

Na kweli hakuna aliyekuona. Tumemzika Mama, watu wameketi kunywa kahawa, mkate mtamu wa zabibu nimeusuka kama nywele kwa mikono yangu, na kiti cha mtoto pekee wa kiume wa marehemu kitupu! Eti treni. Kwani kaskazini kuna treni moja tu? Binamu zetu wa bondeni walikula kipande chako huku wakinitazama usoni, na mimi nikajifanya namimina maziwa. Nilipokupigia simu kukuuliza, ukanikatia. Basi sikupigii tena. Mama ameacha stempu tele kwenye droo, na stempu za Mama hazitatupwa. Nitakuandikia mpaka ziishe.

Sasa jambo lenyewe. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba anataka funguo zake mwisho wa Agosti. Niko peke yangu na makabati, mapazia na mitungi ya jemu ya tangu enzi za Baba. Unakuja lini? Kama huji sema, niwaite manispaa waje kubeba takataka kubwa. Watakachoanza nacho ni ile televisheni pamoja na king'amuzi chako cha ajabu.

Dada yako,
Roswitha


Laboe, 2 Juni

Dada Roswitha,

Barua yako imefika. Nilidhani mwalimu akistaafu anastaafu na ukali wake, kumbe kwako umebaki kazini. Huku upepo ni wa magharibi, bahari imetulia, mimi mzima. Kila asubuhi saa moja na nusu natembea ufukweni, kama nilivyokuwa nikimweleza Mama kwenye simu kila Jumapili. Ukijaribu na wewe, labda hilo goti litaacha kulalamika.

Kuhusu treni sina la kuongeza.

King'amuzi kisiguswe na mtu! Nilikifunga mwenyewe ile Krismasi niliyokuja, nikakiunganisha na intaneti. Tangu hapo nafungua kompyuta yangu hapa Laboe, napitia vipindi, nachagua, na king'amuzi kinamrekodia Mama kutoka kwenye dishi lililoko huko juu ya paa. Filamu za wanyama, matamasha ya piano, safari za barafuni, unadhani nani alimchagulia? Vizuri vyote hurushwa usiku wa manane, bila mimi asingeviona. Wewe ulimpeleka kwa daktari, hilo nakubali. Lakini jioni zake nilizijaza mimi.

Rekodi hizo zimefungwa humo. Ukiitoa diski na kuichomeka kwingine haisomeki. Njia ni moja tu: king'amuzi chenyewe kizicheze na kuzirusha kwa intaneti hadi kwenye kompyuta yangu, nami nizihifadhi huku. Ndiyo kumbukumbu yangu ya Mama, makabati chukua wewe. Laini ya intaneti inakatwa mwisho wa Julai, kwa hiyo nina haraka. Kuja si lazima.

Wako,
Eckart


Hohenlaingen, 11 Juni

Eckart,

Hatujambo, na mvua imenyesha, ahsante kwa kutouliza. Bibi Häberle amepata mkwaruzo wa paka wangu lakini amesamehe.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikicheka peke yangu jikoni. "Jioni zake nilizijaza mimi." Sikiliza huyu! Mama alipoanguka bafuni, king'amuzi chako kilimwinua? Wiki hii ni zamu ya Mama kufagia ngazi za jengo. Kibao cha zamu bado kimening'inia mlangoni pake, maana huku kwetu hata kufa hakukutoi kwenye zamu mpaka funguo zirudishwe. Nimefagia mimi, nimepiga deki mimi, mpaka njia ya mbele. Hebu mwambie huyo mtumishi wako wa dishi ashike ufagio.

Kumbukumbu zako sijazigusa. Nimeondoa vitu vilivyoizunguka televisheni tu. Nimekuta kile kioo chake kikubwa cha kusomea, cha kukuzia herufi, chenye mpini, kimewekwa mbele kabisa ya skrini. Sijui alikuwa anasoma nini pale. Na kabatini nimekuta karatasi ya zawadi ya lile koti la njano la mvua alilokutumia, ameikunja kama shuka. Alilichagua mwenyewe dukani, mimi nikiendesha. Alisema la njano, ili mtu aonekane kwa mbali. Unalivaa?

Na kuja ni lazima. Kaburi bado halina jiwe, na mimi siwezi kulichagua peke yangu halafu wewe uje kulikosoa.

Roswitha


Laboe, 19 Juni

Dada,

Wazima huku. Jua lipo, watalii wamejaa, hakuna pa kuegesha gari.

Koti nalivaa, bila shaka. Linanifaa sana.

Sasa niambie ukweli: umefanya nini? Kila jioni nakaa kwenye kompyuta, naita king'amuzi cha Mama, hakijibu. Nimejaribu kwa neno la siri la zamani na jipya. Nimeita kwa njia ya mbele na ya uani. Kimya. Mashine yenyewe ni imara, naijua, niliichagua baada ya kusoma majarida matatu. Kwa hiyo tatizo ni binadamu, na binadamu mwenye ufunguo wa nyumba hiyo ni mmoja.

Nakuandikia taratibu ili uelewe. Nyuma ya king'amuzi kuna waya wa dishi, waya wa umeme, na waya mwembamba wa intaneti. Usivute hata mmoja. Usipanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji. Mbele kuna taa ndogo. Ikiwa nyekundu kimelala, ikiwa ya kijani kiko macho. Niandikie ni rangi gani, hiyo tu, bila hotuba.

Eckart


Hohenlaingen, 27 Juni

Mheshimiwa Mhandisi,

Salamu. Goti limepona kidogo, labda kwa hasira.

Unauliza taa ni rangi gani. Haina rangi. Imezimwa, bwana, kwa sababu naizima mimi, kila jioni kabla sijafunga mlango, kwenye ile ekstensheni ya sakafuni yenye swichi. Televisheni, king'amuzi, kile kisanduku cha intaneti, taa ya kusimama, vyote vinalala pamoja kwa kidole kimoja. Nimelelewa hivyo. Nawe umelelewa hivyohivyo, ila umeenda baharini ukasahau. Katika nyumba ya Mama, lini uliona kitaa kinawaka usiku bila kazi? Habari ya saa mbili ikiisha, anasema "haya, inatosha," anainama, tap! Hata miaka ya mwisho alipokuwa haoni vizuri, swichi ile aliipata gizani kwa kidole cha mguu.

Nilipofika hapo kwenye kuandika, kalamu ikasimama. Halafu nikacheka mpaka paka akatoka nje. Eckart! Matamasha yako ya usiku wa manane, nani aliyarekodi? King'amuzi kisicho na umeme? Umekaa Laboe unampangia Mama starehe kwa kompyuta, na Mama kazima kwenye soketi, amejifunika shuka, anakoroma. Na majarida matatu umesoma!

Haya, nina huruma. Kuanzia leo naacha imewashwa usiku na mchana, Mungu na Mama wanisamehe. Vuta hizo kumbukumbu zako, kama zipo.

Roswitha


Laboe, 8 Julai

Roswitha,

Salamu. Hali ya hewa ya kawaida.

Nimeingia. Orodha imefunguka. Nilichompangia mimi hakimo hata kimoja. Nimepitia kutoka juu hadi chini.

Sielewi. Kila Jumapili nilimuuliza, "Mama, uliwaona wale pengwini?" Akasema amewaona, wamemchekesha sana, hasa yule mdogo aliyeanguka. Nilimuuliza kuhusu mpiga piano, akasema ana vidole vizuri. Miaka yote hiyo. Kwa nini mtu amdanganye mwanawe kuhusu pengwini?

Kilichomo ni upuuzi. Kuna rekodi nyingi fupi fupi, zote za kile kipindi cha hali ya hewa cha asubuhi, cha kamera zinazozunguka polepole pwani na milimani, na muziki laini kama wa kwenye lifti. Nimezirusha chache hadi kwenye kompyuta yangu kuhakikisha. Moja ni kamera ya huku kwetu, ya juu ya kituo cha waokoaji. Nyingine vilevile. Ni wazi alikuwa akibonyeza kitufe chekundu kimakosa kila alipowasha televisheni. Nilimwandikia maelekezo kwa herufi kubwa, hakuyasoma.

Sina haja nazo. Waite manispaa wabebe kila kitu. Funguo warudishie wenyewe.

E.


Hohenlaingen, 16 Julai

Eckart,

Leo sikusalimu. Keti kwanza.

Barua yako niliipokea asubuhi, na manispaa walikuwa waje kesho yake. Nikapanda kwa Mama kuchomoa nyaya. Nikasema kabla sijachomoa, hebu nione huo upuuzi. Nikakaa kwenye kiti chake, nikashika rimoti, nikafungua rekodi moja. Bahari. Bomba la maji ya mvua, ukingo wa chuma, njia ya waenda kwa miguu. Kamera inageuka, hakuna kitu. Nikafungua nyingine. Bahari, ukingo, njia. Nikawa karibu kukubaliana nawe, jambo ambalo lingenitia aibu mpaka kaburini.

Kisha nikaona kile kioo cha kusomea. Nilikuwa nimekirudisha pale pale bila kufikiri. Kiti, skrini, kioo. Nikakichukua, nikakiweka kwenye skrini jinsi yeye angefanya, maana kwa macho yake asingeona hata meli. Na kwenye njia ile, kwa mbali, anapita mtu. Ana koti la njano.

Nikafungua nyingine. Koti la njano. Nyingine, hayupo. Nyingine, yupo, anachechemea kidogo kwenye upepo. Nikakaa pale mpaka Bibi Häberle akaja kugonga akidhani nimezimia.

Alikuwa anakutazama, wewe kichwa cha chuma! Kila siku ya Mungu saa moja na nusu, ulivyomwambia unatembea. Mimi miaka yote nilikuwa siwezi kumpata kwenye simu kabla ya saa mbili asubuhi, nikidhani bado amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa kwenye kiti, kioo mkononi, kidole juu ya kitufe chekundu. Na wewe, mwenye digrii yako ukutani, umeona mlima wa rekodi za ufuko wako mwenyewe ukasema amebonyeza kimakosa. Maelekezo yako aliyasoma, mdogo wangu. Aliyasoma vizuri kuliko ulivyoyaandika.

Na pengwini unauliza? Alikuwa anakufurahisha. Ulikuwa huji, basi akakupa hata hicho kidogo ulichodhani unampa.

Sasa nasema shingo upande: angalau ulikuwa unatembea kweli. Katika yote uliyomwambia, hilo moja hukumdanganya, na ninafurahi kwa ajili yake. Manispaa nimewarudisha na gari lao tupu. Laini inakatwa mwisho wa mwezi. Zivute zote, usiache hata moja, na uzitazame. Kisha uniandikie.

Dada yako,
Roswitha


Hohenlaingen, 6 Agosti

Eckart,

Laini imekatwa. Hujaandika. Hapa joto limezidi, mitungi ya jemu nimeigawa, makabati yamechukuliwa na watu wa kanisa. Zimebaki kiti, televisheni, king'amuzi na ufagio.

Ulizivuta au hukuzivuta? Mtu anayeweza kurusha filamu kutoka paa la Hohenlaingen hadi Laboe anashindwa kubandika stempu?

Roswitha


Laboe, 20 Agosti

Dada Roswitha,

Salamu. Nakutakia heri na goti.

Nilizivuta. Zote zimefika kwenye kompyuta, nimezipanga kwa tarehe. Nimezitazama. Ndiyo maana nimechelewa.

Yule si mimi.

Ni Brodersen, anauza mikate iliyojazwa samaki. Asubuhi hupita hapo kwenda kufungua kibanda chake. Nusu ya watu wa huku wana koti la njano la mvua, hata Mama angejua kama angewahi kufika. Brodersen ana nyonga mbovu. Mwaka jana Mama aliniuliza kwenye simu, mbona siku hizi unachechemea? Sikujua anaongelea nini. Nikamjibu ni viatu vipya. Akanitumia mafuta ya kupaka.

Koti liko kabatini, lebo bado inaning'inia. Matembezi yalikuwa maneno ya simu tu.

Usiniandikie chochote kuhusu hili, nakuomba. Najua utakachosema, na maneno yote una haki nayo. Niambie kitu kimoja tu: dishi bado liko juu ya paa? Kama lipo, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi washa.

Eckart


Hohenlaingen, 27 Agosti

Mdogo wangu Eckart,

Salamu kutoka kwenye nyumba tupu. Nakuandikia juu ya ndoo ya kupigia deki, nimeigeuza ndiyo kiti changu, maana kile cha Mama amekichukua Bibi Häberle. Zamu ya mwisho nimefagia jana, kibao nimekitundika kwa jirani wa mbele. Kesho kutwa narudisha funguo.

Ulisema nisiandike kuhusu lile jambo. Nilikuwa nimeshaandika kurasa nne, tena nzuri. Nimewashia jiko.

Jumatatu nilipanda mapema, nikawasha kwenye ekstensheni kwa kidole cha mguu, ili nijue alivyokuwa akifanya. Bibi Häberle akapanda na kahawa yake bila kualikwa. Ikaja milima, likaja ziwa, ikaja kamera yenu. Mvua ya nguvu huko. Njia tupu. Nikasema moyoni, ameingia mitini tena, treni imempata.

Kisha ukaingia. Eckart, lile koti linakubana tumboni, vifungo viwili vya chini havifungi. Umesimama katikati ya njia mikono ukiwa umeibana mwilini, kama mtoto anayepigwa picha ya shule. Maji yanakuchuruzika kwenye kipara. Tena umesimama mahali pabaya, nguzo inakukata nusu. Brodersen akaja nyuma yako na koti lake, anachechemea, akasimama kukutazama, akatikisa kichwa, akapita. Hata yeye ana akili ya kuvaa kofia. Hukupunga mkono. Sisi si watu wa kupunga mikono. Ulitazama tu juu kwenye kamera mpaka ikageuka.

Bibi Häberle akasema, "Huyo ni nani?"

Nikamwambia, "Huyo ni mtoto wa Mama."

Nimebonyeza kitufe chekundu. Si kimakosa.

King'amuzi nakihamishia kwangu, fundi anakuja Alhamisi kuelekeza dishi langu. Hii ndiyo stempu ya mwisho ya Mama, kwa hiyo ukiwa na la kusema itabidi upige simu, na nikipokea usikate. Jiwe la kaburi linakusubiri ulichague. Mkate wa zabibu nitausuka ukishashuka kwenye treni, si kabla, nishapata funzo.

Kuanzia Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, kwangu kutakuwa kumewashwa. Simama kushoto kwa nguzo, na uvae kofia.

Dada yako,
Roswitha